Milimita Mbili za Bawa la Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika, familia imenituma mimi mdogo wake, fundi cherehani, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Milimita. Karatasi hii aliikagua mwenyewe mara mbili kabla hajatuacha, akafuta sifa tatu, akaongeza kosa moja, na akaniagiza nisiliruke.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, alianza darasa la kwanza Januari 1966, akamaliza shule mwaka 1973, kisha akaingia chuo cha ufundi na kutoka Desemba 1975 na cheti cha ufundi wa bati. Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika gereji ya mabasi, akinyoosha bodi zilizogongwa, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2013, na huko ndiko alikopewa hilo jina, kwa kuwa mlango ukipishana na fremu yake hata milimita moja aliung'oa na kuufunga upya, jambo ambalo wenzake walisema ni usumbufu, lakini magari yao wenyewe walimpelekea yeye.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu, mpishi wa shule, na tarehe 19 Juni 1988 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti ambaye leo ni rubani wa ndege ndogo za kubeba vifurushi. Kaka hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, na alipostaafu alitangaza mezani kwamba hatapanda ya mtu, atajenga yake ya watu wawili, kwa bati la alumini, na binti yake ndiye atakayeirusha. Tulicheka, naomba radhi, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Alianza tarehe 5 Mei 2014 katika stoo ya nyuma ya nyumba, akamaliza mkia, akamaliza bodi, akamaliza bawa la kulia, na sasa nafika kwenye kosa aliloniagiza. Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, kwa kuwa stoo ilikuwa finyu, alilitandaza bati la bawa la kushoto uani, juani, saa saba mchana, akalipima kwa rula na kulitoboa matundu yote, huku mbavu za bawa, ile mifupa ya ndani inayoshikilia bati, zikiwa ndani kivulini, tayari zimetobolewa, na jioni alipovileta pamoja, matundu ya katikati yalikutana vizuri, lakini kadiri alivyokwenda nchani yalizidi kupishana, hadi karibu milimita mbili. Hakujua sababu. Alichukua tupa, akayatanua matundu ishirini na saba, akalivuta bati kwa nguvu, akalibana kwa ribiti, vile vijisumari vya kuunganishia bati, kisha akapaka rangi, na hakuna jicho ambalo lingegundua.

Kwa siku nane kaka yangu hakula akashiba. Siku ya tisa alimwita binti yake, akapiga bati hilo kwa kiganja ili asikie linavyobonyea na kurudi kwa mlio, kama kopo la mafuta likibonyezwa tumboni, akamweleza kila kitu. Binti hakumlaumu, ila alimwambia, "Baba, siwezi kupanda bawa unaloliogopa." Siku iliyofuata wakaanza kung'oa ribiti zote, mia nne na kumi na mbili.

Mimi niliitwa nije kushika taa tu, nikauliza bati lilikuwa wapi wakati wa kupimwa, na niliposikia kwamba lilikuwa juani nikamwambia kwamba kitambaa kilicholowa hakikatwi kwa kipimo cha kikavu. Alikaa chini, akasema miaka yote gerejini alijua bati hutanuka kwa joto, na siku ya kulihitaji hilo, haraka ilimsahaulisha. Wakabomoa ukuta kati ya stoo na jiko, wakaliweka bati jipya na mbavu mpya pamoja kivulini siku mbili, kisha wakavitoboa vyote kwa pamoja, wakianzia katikati kwenda pembeni, wakibana kila tundu la tano kwa kibanio, na shemeji akapika miezi minne ncha ya bawa ikiwa juu ya meza yake ya vitunguu.

Juni 2022 kaka aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Tarehe 18 Agosti 2023 mkaguzi aliipitisha ndege, kwa sharti kwamba rubani airushe peke yake saa arobaini kabla ya kubeba abiria, na binti akazihesabu kila wikiendi huku baba yake akidhoofika, nasi tukiogopa kwamba ugonjwa utazishinda mbio saa hizo. Zilitimia tarehe 2 Machi 2024. Wiki moja baadaye tulimbeba kaka hadi kitini, wakaruka dakika kumi na tisa, na walipotua nikamuuliza dunia inaonekanaje kutoka huko, akasema hajui, alikuwa akilitazama bawa la kushoto. Kisha akamgeukia binti yake. "Nirudishe juu," akamwambia, "sasa nataka kutazama chini." Nao wakaruka tena.

Alifariki hospitalini tarehe 3 Mei 2024, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliovumilia nyundo kwa miaka tisa, wenzake wa gereji waliomletea vibanio na maneno ya utani, na mkaguzi, ambaye alipoelezwa kosa la bawa la kushoto kabla hajauliza, alikwenda kulikagua la kulia kwa muda mrefu zaidi.

Kaka, hadi jana mwanao ameruka na bawa lako saa sitini na moja, na kila mara ametua salama. Usihesabu tena, pumzika kwa amani.