Siku Tisa za Bambo Laiton

Bambo Laiton Mkhutabasa, fundi wa visima wa Klabu ya Huduma ya Limbe, anastaafu leo Jumamosi, tarehe 30 Novemba, baada ya kuitumikia klabu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Sisi wanachama tunajitolea, tunakuja na kuondoka. Mwenye duka akihama, au meneja wa benki akipandishwa cheo, huaga na kwenda zake na picha zake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa wa mshahara, na yeye peke yake ndiye aliyebaki.

Kamati imeniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini mimi ni mwenye duka la dawa, na kuhusu mtu huyu kuna jambo ambalo nikiliruka nitakuwa nimewauzia dawa iliyokwisha muda wake. Basi nivumilieni.

Alizaliwa Thyolo, akajifunzia ufundi kwa watengeneza barabara, akaajiriwa na klabu akiwa na miaka thelathini na miwili ili atengeneze viti vya magurudumu na mashine moja ya kusaga iliyokuwa haisagi. Mwaka wa pili tukamtuma bondeni, kando ya Mto Shire, kwenda kuchimba kisima. Tangu hapo amesimamisha pampu sitini na moja, kuanzia Chikwawa hadi mpakani. Anazijua moja moja kwa tabia. Ile ya Chiringa, ambayo hukwama kila mwezi wa tisa bila sababu, ameipa jina la mama mkwe wake, na mama mkwe anajua.

Mikutano yetu ilimchosha tangu siku ya kwanza. Alikuwa akisinzia kwenye kiti cha mwisho, kofia magotini, akiamka pale tu mtu alipotaja simiti. Wakubwa waliokwenda kupigwa picha wakishika koleo hakuwahurumia hata kidogo. Mkurugenzi mmoja, suti kamili, alisogezewa koleo na kuambiwa mbele ya kijiji kizima, "Bwana, hili hushikwa upande wa mti." Yule bwana alituchangia mabati mwaka huo huo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumkemea Laiton.

Mwaka huu nao hakupumzika. Tulipofanya kambi ya macho mwezi wa tano, wazee mia nne na kumi na wawili walikalia mabenchi aliyoyapiga msumari yeye. Madawati themanini ya shule ya Mbayani ni mkono wake. Dhoruba ya Machi ilipobomoa nyumba za watu huko Phalombe, alikwenda juu ya shehena ya unga na mablanketi, akarudi na homa, akakaa siku mbili, akaenda tena. Na mwezi wa kumi alimaliza pampu ya Mpatsa, ambayo ni ya mwisho kwake.

Sasa nifike pale nilipokuwa nachelewa kufika.

Ilikuwa Februari ya mwaka wake wa kumi. Mafuriko yalikuwa yamepita bondeni na Mto Shire ulikuwa ndio kwanza unaanza kupungua. Tulikuwa tumewachimbia kisima watu wa kijiji cha Kanyimbi. Enzi zile klabu ilikuwa na desturi moja: jiwe la uzinduzi lilichongwa mapema huku Limbe, jina la klabu, jina la mwenyekiti na tarehe, kisha ndipo kazi ikafukuzana na jiwe. Jiwe la Kanyimbi lilisema tarehe 17 Februari. Laiton alimaliza kumwaga zege la kuzunguka pampu siku ya Jumatano, tarehe 14. Akaja ofisini kuomba wiki mbili. Zege bichi lilikuwa halijashika vizuri, ardhi bado imelowa, na chupa ya maji aliyoipeleka maabara majibu yake yangetoka Jumanne ya wiki iliyofuata.

Katibu nilikuwa mimi, kama nilivyo hadi leo. Nikamwonyesha jiwe limeegemea ukutani, limesuguliwa linang'aa. Nikamwambia tarehe imeshachongwa. Akalitazama, akanitazama.

"Mayi," aliniita, yaani mama, "jiwe halinywi maji."

"Laiton, wageni wako njiani. Wewe funga mpini wa pampu, mengine tuachie sisi."

Siku zile sikuwa nampa heshima ya kumwita Bambo. Alikuwa na watoto wanne na mshahara ulitoka kwetu. Alifunga mpini.

Sherehe ilifana, siwezi kukataa. Ngoma zilichezwa, thobwa, togwa letu la mahindi, lilimiminwa, mwenyekiti wetu wa wakati ule, sasa ni marehemu, alihutubia hadi watu wakachoka kupiga makofi. Kisha nikapewa nafasi mimi, kama mtu wa dawa. Nikawaambia akina mama wa Kanyimbi kwamba kuanzia siku ile waokoe kuni zao, maji haya hayana haja ya kuchemshwa. Wakapiga vigelegele. Nikachagua mtoto mmoja kutoka kwenye umati, msichana wa miaka saba, gauni la njano, nikamsimamisha juu ya tofali ili aufikie mpini na kuvuta maji ya kwanza. Akacheka yalipomrukia usoni. Mpiga picha hakukosea. Picha ile ilikaa kwenye jalada la jarida letu, na imekaa ukutani mwa ofisi yetu miaka ishirini na mitatu, na chini yake pamechapwa jina: Enelesi Biliati akifungua kisima cha Kanyimbi.

Maji ya mafuriko, yaliyokuwa yamepitia kwenye vyoo vyote vya kijiji, yalipenya kwenye lile zege bichi na kuingia kisimani. Majibu ya maabara yalikuja Jumanne kama tulivyoahidiwa. Yalisema maji yasinywewe. Laiton aliichukua ile karatasi mkononi mwangu. Barabara ilikuwa imekatika kwenye kona za mlimani, akashuka kwa miguu, akafika Kanyimbi Alhamisi mchana. Kipindupindu kilikuwa kimeshafika. Akaufungua mpini na kuung'oa. Wanaume walimzunguka kumpiga, kwa kudhani klabu imebadili nia na inawanyang'anya maji yao, hadi chifu alipoisoma ile karatasi kwa sauti.

Watu tisa walikufa. Walikufa kwa sababu walinisikiliza.

Huku kwetu wachimba kaburi huitwa wajukuu, na mgeni hawezi kujipachika kwenye kazi hiyo. Lakini wajukuu wa Kanyimbi wenyewe walikuwa wamelala kwenye mikeka, hawana nguvu ya kuinua kikombe. Chifu akampa Laiton jembe. Kati ya makaburi tisa, alichimba sita. Tangu siku ile Kanyimbi hawamwiti fundi, wanamwita Mjukuu. Mimi sikwenda. Barabara ilipopitika nilipeleka katoni za dawa kwa lori na barua ya rambirambi. Barua ilikuwa na muhuri wa klabu.

Aliporudi alikuja mbele ya kamati, na hakusinzia. Alisema kuanzia sasa mawe yatakuja bila tarehe, tarehe ataichonga yeye mwenyewe kwa patasi. Na hataichonga mpaka karatasi ya maabara iwe imekuja, na baada ya karatasi, yeye akae kando ya pampu siku tisa, anywe maji yake bila kuyachemsha, peke yake, mtu mwingine asichote. Akisimama salama siku ya kumi, kijiji kichote. Asiyetaka hivyo atafute fundi mwingine. Tulikubali kwa aibu, hatukumuuliza kwa nini tisa. Wageni walipouliza, mimi ndiye niliyewajibu, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kwamba huo ndio muda wa wadudu wa maradhi kujitokeza. Nilieleza miaka ishirini na mitatu kitu nisichokijua.

Ndiyo maana tarehe kwenye mawe yetu zimepinda. Namba nane zake zinafanana na maboga mawili yaliyogongana. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kama tunawaachia watoto wa shule kazi hiyo, na sote tukacheka, na Laiton akacheka zaidi yetu.

Mwezi uliopita daktari alimwambia figo zake zimechoka. Asikae tena kwenye jua la bondeni, na maji yoyote atakayokunywa yawe yamechemshwa. Mwenyekiti wetu wa sasa, Bambo Frackson Mtila, mtu mwema mwenye haraka, akaleta hoja kwenye kikao. Karatasi ya Mpatsa imekuja safi. Wageni waliofadhili pampu ile watakuwepo leo. Kwa nini tusifungue pampu asubuhi, tukaagana na mzee mchana, na hizo siku tisa tukazistaafisha pamoja na mwenyewe? Watu walicheka. Utani ulikuwa mzuri, hata mimi nilitabasamu. Mikono ilikuwa inaanza kuinuka.

Kwenye kiti cha mwisho Bambo Laiton akasimama, akavaa kofia yake kama anayeondoka.

"Zile siku si za wadudu," alisema. "Ni za watu. Kila siku ina mtu wake. Asubuhi nataja jina, ndipo nainua kikombe."

Akayataja majina yote tisa, polepole, bila karatasi. Aliposema la sita, kila aliyekuwa mle chumbani aliinua macho kuangalia ukuta, kwa sababu jina hilo tulikuwa tukilisoma kila tulipongoja chai. Hatukuwahi kujua. Tulimtundika pale mtoto yule akicheka, wiki mbili tu baada ya kuzikwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hali yake. Hakuna mkono ulioinuka. Bambo Mtila mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba jiwe la Mpatsa lisichongwe tarehe mpaka siku tisa ziishe.

Lakini figo hazijali vikao. Kesho yake mkewe, Mayi Filesi, alikuja dukani kwangu akiwa hana la kununua. Alisema mumewe ameshafunga mkeka wake, na kwamba akienda huko siku tisa tutamrudisha kwenye machela. Alilia akiwa ameshika kaunta. Nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa misiba yangu, nikaenda naye nyumbani kwao. Nikamwambia Bambo Laiton kwamba nitakwenda mimi.

Hakuniuliza kuhusu jua, wala magoti yangu, wala nitalala wapi.

"Utaweza kuyanywa, mayi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa. Maabara imesema maji ni safi na mimi kwa kazi yangu nazijua karatasi za maabara, na bado naogopa. Akaniambia kila mara na yeye aliogopa, pampu zote hamsini na moja za tangu Kanyimbi. Kisha akanipa kikombe chake cha bati, kile cha buluu kilichobanduka mdomoni, akanikalisha na kunirudisha kwenye majina kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipokosea alisema "tena". Nilikosea mara tano. Mke wake alitupikia nsima, ugali wetu, na dagaa wa usipa, tukala, akaniambia tena.

Naandika haya Jumapili jioni, begi liko mlangoni. Naibu katibu wetu ndiye anayewasomea ukumbini, mimi sipo. Wageni wetu naomba mniwie radhi: pampu mliyoifadhili mtaifungua siku nyingine, na tarehe yake hakuna anayeijua bado. Mtakaposikia haya nitakuwa Mpatsa, nimeanza kunywa tangu Jumatatu. Nikisimama salama Jumatano ijayo nitashika patasi, na nawaonya mapema kwamba zile namba za maboga mtazikumbuka kwa hamu.

Kwa niaba ya wanachama wote, waliopo na waliotangulia, tunakushukuru Bambo Laiton kwa pampu sitini na moja, kwa viti vya magurudumu, kwa mabenchi na madawati, na kwa kuwa ulisimama mahali ambapo wenye vyeo tulikaa. Tunamshukuru Mayi Filesi aliyekusubiri siku tisa tisa miaka yote hii bila kujua kama utarudi na miguu yako. Watu wa Kanyimbi wametuma mbuzi na ujumbe kwamba Mjukuu asisahau njia ya nyumbani. Kamati inakukabidhi kiti kile cha mwisho, ukakisinzie kwako.

Mimi sina zawadi iliyofungwa. Nina hiki tu: leo ni siku ya sita. Asubuhi ya leo, kama Mungu ameniweka, nimemtaja Enelesi Biliati, wa miaka saba, wa gauni la njano, nikanywa.

Uzee wako uwe mrefu, Bambo, na wa amani. Na tafadhali, chemsha maji.

Dorika Nkhwazi
Katibu