Sufuria ya Naliaka Kule Kwenye Kahawa

Sogeeni karibu, watu wetu, nyinyi mliosimama kule kwa boma la ng'ombe njooni hapa mbele, akina mama wanyonyesheni watoto watulie, wazee nao wawache habari ya mvua kidogo, kwa maana maisha ya marehemu ni marefu na sauti ya kusoma ni moja.

Marehemu mama yetu Naliaka, mke wa kwanza wa mzee Wasike, alizaliwa Kimilili mwaka wa 1919, wakati wa palizi, ndiyo maana akapewa jina hilo, lakini tarehe hakuna aliyeiandika. Shuleni hakuingia, isipokuwa siku moja alipompelekea mwalimu kuni. Aliolewa na Wasike Desemba 1937, wakahamia hapa Subukia, na tarehe 3 Februari 1941 akaandikwa kazi ya kuchuma kahawa, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Mungu aliwajalia watoto watatu, wawili wakatangulia wangali wadogo, kwa ugonjwa ule wa kuvimba miguu na nywele kugeuka nyekundu, akabaki Khaemba, ambaye mnamwona hapa.

Tarehe 20 Agosti 1949 Wasike alioa mke wa pili, Nanyama, na yatakayofuata yanasomwa kwa ruhusa yake, kwani jana alisema, "Someni yote, msinifunike." Nanyama alifika kambini hapa kwa wachumaji na viatu miguuni na darasa la nne la misheni, na hata hivyo wivu ulimshika tangu jioni ya kwanza, alipoona kila mpita njia anasalimu mlango wa Naliaka kwanza, kisha wake.

Basi Septemba 1955 akaja daktari kutoka Nakuru, aliyekuwa amechunguza ugonjwa huo wa kuvimba kwa miaka mingi, akaleta maziwa ya unga na karatasi yenye maagizo, kwamba kila mama amkorogee mtoto kikombe kimoja saa sita mchana, nyumbani kwake, kwa maji yaliyochemshwa wakati huo huo. Akauliza nani anajua kusoma, Nanyama akainua mkono, akavishwa aproni nyeupe, na kwa mara ya kwanza watu wakasimama mlangoni kwake. Usiku wa siku hiyo hakuivua.

Lakini watoto hawakupona. Huko hospitalini daktari alikofanyia uchunguzi wake, mama hukaa kando ya kitanda na maji yanachemka siku nzima, na hapa kengele ya kazi inalia kabla jua halijatoka, saa sita mama yuko juu kabisa kwenye mistari ya kahawa, na mtoto mkubwa aliyeachwa nyumbani anachota maji mtoni akakoroga bila kuchemsha. Wengine walinong'ona kwamba ule ni unga wa mifupa, na Chepkemei, jirani yetu, alipaka wake ukutani, ukuta ukang'aa kweli. Nanyama alisoma karatasi kwa sauti zaidi, kana kwamba watu ni viziwi. Ilipofika Januari nyapara alimrudisha kuchuma.

Naliaka alitazama tu, kisha akasema, "Hiyo karatasi haina makosa, ila haijawahi kuamka na sisi ikaenda kahawa." Akamwomba nyapara sufuria kubwa, akaiteleka pale pale tunapopimia madebe, akapika uji, maziwa akayakorogea humo yakachemka pamoja nao, na akina mama wakaja na watoto mgongoni, kila mmoja na kikombe chake. Tarehe 14 Machi 1956 daktari alirudi, akaonja, akaandika jina la Naliaka mara mbili katika kitabu chake, akampa aproni mpya, naye akaivaa nyuma mbele huku akicheka.

Nanyama hakucheka. Alikuwa na binti, Namalwa, wa miaka miwili na nusu, na akaapa mtoto wake hataonja sufuria ile. Aliendelea kufuata karatasi kijiko kwa kijiko, lakini kwa kuwa saa sita hayupo, alikoroga alfajiri akafunika kwa sahani, na mchana mtoto akanywa kitu kilichokwisha kuchacha. Akaanza kuhara, na kufikia Juni, ukibonyeza mguu wake, alama ya kidole inabaki.

Naliaka aliuona mguu ule, yeye aliyekwisha kuzika wawili. Hakumkemea mwenzake. Alisimama mlangoni pake mbele ya kambi nzima akasema, "Mama Namalwa, nisaidie, nimesahau kipimo, vijiko vingapi kwa sufuria? Wewe ndiye mwenye karatasi." Nanyama akatoka kifua mbele, karatasi mkononi, Namalwa mgongoni, akahesabu vijiko watu wote wakisikia, na mtoto akapewa kikombe kama wenzake, siku hiyo na kila siku. Sasa ana miaka mitano, na ndiye yule anayewasukuma wenzake pale.

Mwaka jana ndipo Chepkemei alipopasua jambo, "Kipimo alikisahau wapi? Alikuwa anakiimba akiteka maji!" Nanyama alikaa chini akasema, "Kumbe hata kwa kuniokolea mtoto alinipita."

Marehemu alishikwa na homa ya mapafu mwezi wa Aprili, akapelekwa Nakuru tarehe 3 Mei 1959, na akatuacha Jumanne, tarehe 12 Mei, saa tatu asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa hapa na wa Kabazi mliochimba kaburi kwenye tope, nyapara, na wachumaji wenzake mliowacha kahawa mtini.

Aliyoyaacha aliyagawa mwenyewe kwa mdomo. Khaemba apewe ng'ombe na ndama wake, Namalwa apewe aproni, akue polepole hadi imtoshe, na mwiko apewe Nanyama, yeye peke yake. Nanyama amekoroga uji tangu siku ile marehemu alipopelekwa Nakuru, kwa kipimo kile kile, na akina mama wanakunywa, wanapangusa midomo, wanamwambia, "Ni mzuri, lakini wa marehemu ulikuwa na utamu wake." Naye anawajibu, "Najua, leteni vikombe."

Lala kwa amani, Naliaka, hata leo umesalimiwa kwanza.