Bwana Kengele Aanzia Mwishoni

Kijiwe chenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kati ya meza ya Soli, fundi viatu, na kibanda cha Daktari, ambaye hajawahi kutibu kitu chochote isipokuwa simu. Mama Birika anauza kahawa ubavuni. Redio, dereva mstaafu, hauzi kitu. Yeye huja kuongea tu, na humalizi kumsalimia kabla hajakupa habari za dunia nzima. Jioni hiyo Soli alikuwa ameacha kiatu cha watu mdomo wazi, kitabu mapajani, uso umemshuka. Kitabu ni cha katuni za Kijapani, kilekile cha zamani, ila sasa kimefasiriwa kwa Kiswahili. Kilinunuliwa na binti wa marehemu kaka yake. Kaka mtu ndiye aliyewasomea hadithi hiyo hapo hapo kijiweni, wao wangali watoto, kutoka kwenye nakala ya Kijapani ambayo hakujua hata herufi yake moja. Alisoma picha. Ndiyo maana walimwita Mkalimani, ingawa kazi yake ilikuwa kushona nguo.

— Nimekimaliza, Soli akasema. Bwana Kengele anaishia na mkono mmoja.

— Anaishia? Redio akaruka. Anaanza na mkono mmoja! Mkono unaota baadaye. Niliuona kwa macho yangu haya.

— Na nyumba iliyoungua inarudi, Daktari akaongeza. Siku ile tulishangilia mpaka majirani wakatoka nje.

— Hairudi, ndugu zangu. Inaungua, na mama yake yumo ndani. Mkono unaenda na moto huohuo. Mwishowe anaitundika kengele yake begani, anaondoka peke yake kwenye theluji. Basi, kwisha.

Akawafunulia kitabu upande ambao vitabu vyetu huanzia. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa herufi kubwa: SIMAMA! HUU NI MWISHO WA KITABU. KIGEUZE, UANZIE UPANDE WA PILI.

— Ebo! Redio akasema. Kwa hiyo Mkalimani alitusomea kinyumenyume?

Hilo ndilo lililomsumbua Soli tangu asubuhi. Mwaka ule mama yao alikuwa ametoka kuzikwa, na yeye, kitinda mimba, alikuwa hali wala halali. Kaka yake akamkalisha kwenye mlango huu, kidole gumba chenye chaki ya kupimia nguo kimebana pembe ya ukurasa, akamsomea habari za mtu aliyepata tena mkono wake, kisha nyumba yake, na mwisho kabisa mama yake. Ndipo Soli akaanza kula. Sasa binti wa watu yuko njiani kutoka kazini, anakuja kusomewa hadithi ya baba yake, ile ya mkono unaoota, na atakachokuta ni kwamba baba yake hakujua hata kitabu kinaanzia wapi. Marehemu hana wa kumtetea, na Soli aliumia kweli kweli.

— Tulieni, Redio akasema. Vitabu hivi si vinaitwa manga? Haya, Manga ni wapi? Ni Uarabuni! Pilipili manga mlidhani ilitoka wapi? Basi lazima kisomwe kutoka kulia. Asiyejua maana haambiwi maana.

— Redio, hilo manga ni neno la Wajapani wenyewe, Soli akasema.

— Walilichukua kwa Waarabu, pamoja na pilipili.

— Mimi namshuku mfasiri, Daktari akasema. Kamera ya mbele ya simu inageuza kila kitu, shati lako linasomeka nyuma mbele. Mfasiri naye kageuza picha, mambo yote yakageuka.

— Mpaka mama wa watu akafa? Soli akauliza.

— Mpaka mama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Na methali hiyo imeingiaje hapo? Mama Birika akauliza.

— Bwana Kengele si mhunzi, mama?

Redio hakukubali kushindwa.

— Sikilizeni. Jua linachomoza kwao kwanza, sivyo? Wametutangulia. Kwa hiyo mwisho wao ukisafiri mpaka huku, unafika ukiwa mwanzo wetu. Hapana aliyekosea, ni tofauti ya saa tu.

— Basi na wafu wao wakifika huku wanafufuka? Daktari akauliza.

— Mimi nilikuwa dereva wa lori. Hayo waulize marubani.

Soli akacheka bila kutaka. Kicheko hakijaisha, binti wa kaka yake akatokea, sare yake nyeupe ya uuguzi, miguuni viatu ambavyo Soli mwenyewe alivitia soli.

— Shikamoo baba mdogo. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Akaketi, akakichukua kitabu, akakifungua kama mtu anavyofungua kitabu chochote. Akasoma lile onyo. Akamtazama baba yake mdogo.

— Kwa hiyo baba alianzia huku.

— Mwanangu, Soli akasema taratibu, baba yako Kijapani hakukijua...

— Namba za kurasa kwenye kile cha zamani, nazo zilikuwa za Kijapani?

— Hata, Daktari akajibu. Nilikigundisha mwenyewe kilipochanika. Namba zilikuwa hizi hizi zetu.

Binti akafunua ukurasa, kisha mwingine.

— Baba alipima watu maisha yake yote, hakukosea hata nusu inchi. Mtu kama huyo anafungua kwenye mia na tisini, anafunua anakuta mia na themanini na tisa, na hajui kwamba anarudi nyuma?

Redio akanyoosha kikombe. Mama Birika akainamisha birika. Halikutoka hata tone.

Soli alikuwa akiitazama ile namba. Ilikuwa pembeni chini, pale pale kilipokuwa kikikaa kidole cha kaka yake, kikiifunika. Machozi yakamlenga, na hakujisumbua kuyaficha.

— Sasa tunaanzia upande gani, baba mdogo?

Soli akakipokea kitabu. Akafungua penye lile SIMAMA, akafunua ukurasa unaofuata, akaweka kidole gumba, cheusi kwa rangi ya viatu, juu ya namba.

— Hapo zamani palikuwa na mzee mmoja mwenye mkono mmoja, akitembea peke yake kwenye theluji...

— Ngoja, Redio akasema, akisogea karibu. Mkono unaota lini?

— Tulia wewe, Soli akamwambia. Utaota.