Maandishi Yaliyobaki Kiooni

Hakuwa na sura iliyojulikana. Hakuwa na sauti ya kutangaza. Hakuwa na shahada, hakuwa na gari, hakuwa na tai hata moja kabatini. Hakuwa na subira na mtu anayeongea huku anatafuna. Maisha yake yote alichanganya picha za watu wengine, lakini nyumbani kwake hakuna picha hata moja inayomwonyesha akiwa kazini. Familia imeitafuta kwenye kila droo. Haipo.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtu ambaye mlitazama kazi yake kila jioni bila kumwona mwenyewe. Wenzake walimwita Tabaka. Tabaka amefariki nyumbani kwake, kwa maradhi ya figo, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tabaka alikuwa fundi wa kuchanganya picha kwenye kituo cha televisheni. Narudia: hakuwa mtangazaji, hakuwa mpiga picha. Alikaa kwenye chumba chenye baridi, mbele ya meza yenye vitufe vinavyowaka taa. Maandishi yote mliyoyaona chini ya uso wa mtu yalipita kwenye vidole vyake.

Kazi hiyo ilimsumbua kuieleza. Mama mkwe wake alimbana siku ya kwanza alipofika ukweni.

"Mwanangu, kazi yako hasa ni nini?"

"Mama, naandika juu ya picha."

"Picha zile zinazotembea?"

"Zinazotembea."

"Kwa kalamu gani hiyo?"

Watu wakacheka. Tabaka akavuta kiti. "Mama, chukulia umepanda basi, umekaa dirishani. Nje kuna ukuta umeandikwa 'Tunauza mkaa'. Basi likiondoka, maandishi yale yanaondoka na ukuta wake. Si ndiyo? Sasa chukulia kioo cha dirisha lako kina vumbi, na mtu ameandika kwa kidole, 'Nioshe'. Basi liende liendako, upite shamba, upite mji, 'Nioshe' iko palepale, mbele ya kila unachokiona."

"Na wewe unaandika wapi?"

"Kote kuwili."

"Na binti yangu umemwandika wapi? Ukutani au kiooni?"

"Kiooni, mama."

Mkewe anasema mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na posa ikakubaliwa hapohapo.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo, maana ndiyo habari yote. Mafundi wenyewe huyaita maandishi ya mkondo wa juu na ya mkondo wa chini. Maandishi ya mkondo wa juu hubandikwa mapema, juu ya picha moja. Picha ikiondoka, nayo yanaondoka. Ya mkondo wa chini hubandikwa mwisho kabisa, juu ya kila kitu. Picha zibadilike, yenyewe yanabaki mpaka mtu ayatoe kwa mkono. Chumbani kwao walisema tu ukuta na kioo. Na Tabaka alikuwa na sheria moja aliyowafundisha wote waliopita mikononi mwake: saa na nembo ya kituo, kiooni; jina la mtu, ukutani. Siku zote. Jina la mtu liondoke na mtu wake.

Sheria hiyo ilivunjwa jioni moja.

Basi la abiria lilikuwa limepinduka. Watu wengi walikufa. Dereva alikimbia. Polisi wakatoa picha zake mbili, moja ya uso, nyingine ya ubavu. Mwongozaji wa taarifa ya habari, mama mwenye sauti ya kuamsha jirani, alitaka picha zile zipishane, huku chini pakisomeka bila kukatika: DEREVA ALIYETOROKA.

"Tabaka, weka kiooni, yasiwe yanakatikakatika."

"Dada, huyo ni mtu. Mtu anakwenda ukutani."

"Picha mbili, mtu mmoja. Kiooni, tafadhali. Tuko hewani."

Akaweka kiooni. Hapo mwandishi aliyekuwa hospitalini akapiga kelele kwenye vifaa vya masikio kwamba yuko tayari. Mwongozaji akasema, "Hospitali, ingia!" Tabaka alijua lazima ayatoe maandishi kwanza. Kidole chake kikashuka. Lakini kidole kile kilikuwa na mazoea ya miaka. Kilizoea kutoa majina ya watu ukutani. Kikabonyeza kitufe cha ukuta, ambako hapakuwa na kitu. Picha ikabadilika. Maandishi ya kiooni yakabaki.

Na mbele ya kamera alikuwa amesimama fundi cherehani mmoja, shati limelowa damu.

Damu ile haikuwa yake. Duka lake lilikuwa karibu na palipotokea ajali. Alibeba majeruhi mgongoni, akawaleta kwa pikipiki ya kukodi, mmoja baada ya mwingine. Sasa alikuwa amesimama mlangoni pa hospitali akitafuta maji ya kunawa. Na chini ya kifua chake, nchi nzima ilisoma: DEREVA ALIYETOROKA.

Yalikaa kwa sekunde chache tu. Lakini ukumbi wa kungojea wa hospitali ulikuwa na televisheni ukutani, na ukumbi ulijaa ndugu wa waliokufa. Waliangalia televisheni. Wakaangalia mlangoni. Ni mtu yuleyule, shati lilelile.

Wasikilizaji wapendwa, sitaeleza kila walichomfanya. Walimwokoa wauguzi. Jicho la kushoto halikuona tena. Mkono wa kulia, mkono wa mkasi, ulivunjika pabaya na haukurudi kukunja vidole.

Dereva wa kweli alikamatwa baadaye. Lakini mtaani kwa fundi cherehani jina lilikuwa limeshashika. Walimwita Dereva. Watoto walimwimbia. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo havijashonwa. Mtu ambaye hakuwahi kushika usukani maishani mwake.

Tabaka alikwenda kwake. Alikwenda peke yake, kwa miguu. Mke wa fundi alifungua mlango nusu.

"Nani wewe?"

"Mimi wa televisheni."

"Yupi? Aliyesoma au aliyeandika?"

"Aliyeandika."

Mlango ukaanza kufungwa. Sauti ikatoka ndani. "Mwache apite. Nataka kuuona huo mkono."

Fundi aliushika mkono wa Tabaka kwa mkono wake mzima, akaugeuza, akautazama kwa jicho lililobaki. "Kumbe ni mkono wa kawaida tu," akasema.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi unaniomba wapi?"

"Hapa, nyumbani kwako."

"Kuniita muuaji, uliniita hapa?"

Fundi akauachia mkono wake.

"Ulinisema mbele ya watu wote. Radhi unaniletea chumbani, tena mlango umefungwa. Hapana, bwana. Nenda ukanisemee kulekule."

Tangu siku hiyo Tabaka alitaka jambo moja tu. Narudia, jambo moja: jina la mtu yule lisafishwe palepale lilipochafuliwa. Alimwendea meneja. Meneja akasema tukikiri tumekosea tumejipeleka mahakamani kwa miguu yetu. Akasubiri, akamwendea tena. Akasimama kwenye mikutano ya wafanyakazi, mpaka wakaanza kufanya mikutano bila kumwambia.

"Alikuwa anakula kidogo," anasema mkewe. "Ukimpa habari ya mtu mwingine, ya jirani, ya harusi, anasikiliza, halafu anauliza, 'Na yule fundi, unadhani sasa anafanya nini?'"

Basi jioni moja, katikati ya taarifa ya habari, mtangazaji akisoma habari ya bei ya mbolea, maandishi meupe yakatokea chini ya uso wake. FUNDI CHEREHANI ALIYEONEKANA HOSPITALINI SIKU YA AJALI HAKUWA DEREVA. ALIOKOA WATU. KOSA NI LETU.

Yalikuwa kiooni.

"Tabaka, nini hiyo? Toa!" akapaza sauti mwongozaji.

Tabaka alikuwa amefunika kitufe cha kuyatoa kwa kiganja.

"Kamera ya pili!" Msaidizi akabadilisha, maandishi yakabaki. "Nenda kwenye tangazo!" Likaingia tangazo la sabuni, mama anaanika mashuka meupe, na juu ya mashuka: KOSA NI LETU. "Leta nyeusi! Nyeusi tupu!" Picha ikazimika nchi nzima, na juu ya giza lile maandishi yakasimama peke yake, yakasomeka vizuri kuliko mwanzo.

"Toa mkono, Tabaka."

"Bado, dada. Kuna watu wanasoma polepole. Wamalize."

Mwongozaji huyo ametuambia kwamba alikuwa na uwezo wa kuamuru umeme ukatwe. Hakuamuru. Alikaa chini. "Maana mimi ndiye niliyemwambia kiooni," alisema, na hakutaka kuongeza neno.

Tabaka alifukuzwa jioni ileile. Mlinzi wa getini, aliyemsalimia asubuhi zote za maisha yake ya kazi, aliambiwa amnyang'anye kitambulisho. "Mzee, naomba hicho kikadi, samahani," akasema mlinzi. "Chukua," akasema Tabaka, "na picha yake mbaya hivyo, hasara ni yenu."

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni. "Umekula?"

"Nimefukuzwa kazi."

"Nimekuuliza umekula."

Akala. Mkewe anasema alikula sahani nzima.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloumiza. Asubuhi alikwenda kwa fundi, akitembea kama mtu anayepeleka zawadi. Fundi alikuwa amekaa kando ya cherehani iliyofunikwa. Hakuwa ameona chochote. Televisheni yao walikuwa wameiuza zamani. Majirani walimpa habari, kila mmoja ya kwake. Mmoja alimwambia kituo kimetangaza kuwa amesamehewa. Mwingine akasema imeandikwa dereva ni ndugu yake. Na nje, palepale Tabaka akiwa amekaa, mtoto alipita akaimba, "Dereva, punguza mwendo!"

Fundi hakukasirika. "Umejitahidi," akamwambia. "Lakini maneno yako yamepita. Niandikie karatasi, utie sahihi yako. Usiilete kwa mkono. Itume kwa posta, isajiliwe. Nataka niitwe jina langu dirishani pa posta, mbele ya watu."

Hapo ndipo mdogo wake Tabaka alipoingia kati. Si mtu mbaya. Alimpenda kaka yake. "Kaka, ya kwenye televisheni imepita, hakuna wa kuishika," alimwambia. "Karatasi inashikika. Wale wana mawakili. Wakiiona sahihi yako watakuvua mpaka nyumba, na shemeji ataenda wapi?"

Tabaka aliogopa. Tuseme kweli, aliogopa. Aliahirisha, na wakati akiahirisha, figo zilianza kumsaliti. Miguu ikavimba. Mwisho hakuweza kuvaa viatu. Akiwa kitandani aliomba karatasi, akaandika mwenyewe, mstari kwa mstari, akipumzika katikati. Binti yake alitaka kumsaidia kuandika. "Hapana, mama," alimwambia binti. "Lile kosa niliandika mimi." Alitia sahihi. Bahasha haikufungwa. Alifariki ikiwa chini ya mto.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaokaa upande wa pili wa vyombo hivi, tunampa pole mke wake, binti yake, mdogo wake, na wenzake wa chumba kile cha baridi. Mungu ampumzishe. Tunampa pole pia fundi cherehani na mkewe, ambao msiba wao hakuna aliyekwenda kuukalia. Na wewe unayesikiliza, jiulize leo: ni nani mtaani kwako unamwita kwa jina ambalo si lake? Ulilipata wapi jina hilo? Ulilisoma kwa sekunde ngapi?

Kuhusu barua, mambo yalikwenda hivi. Siku ya mazishi mdogo wake bado alikuwa akisema isitumwe. Watu walijaa uani. Akaja mtu mmoja, akasimama nje kidogo ya geti, mkono mmoja umekauka kifuani, akavua kofia. Hakuingia. Waombolezaji wawili waliokuwa wamekaa karibu na mdogo wa marehemu wakagusana viwiko.

"Si yule dereva yule?"

"Ndiye. Ana uso mkavu, kuja hapa."

Mdogo mtu aliinuka. Alipofika getini yule mtu alikuwa ameshaondoka. Akarudi, akapita watu, akaingia chumbani alikokuwa mke wa kaka yake.

"Shemeji, ile karatasi iko wapi?"

"Unataka kuichana?"

"Nipe, shemeji."

Binti akasimama mbele ya mama yake. "Baba mdogo, hiyo ni ya baba."

"Najua ni ya nani, mwanangu."

Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi, akaibana kwa kiganja juu ya goti lake mpaka ikashika.

Leo asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya posta. Karani aliichukua, akaipima, akasoma jina lililoandikwa juu yake kwa sauti, jina lote, la kwanza mpaka la ukoo.

"Ni nani huyu?"

"Fundi cherehani," akasema mdogo wake Tabaka.

Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la barua ziendazo.