Maisha ya Danford Haonga, Ambaye Hakuonja Pombe

Ndugu yetu Danford Haonga alizaliwa tarehe 3 Machi 1962, kijijini nyuma ya Mlowo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Sadoki Haonga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1977. Kwaya aliingia mapema zaidi, na sauti yake ilipovunjika akapewa besi, asiiache tena.

Mwaka 1988 aliajiriwa Mlowo kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Wenzake walimtania, "Haonga, hata siku ya harusi yako utakunywa chai, sisi tukinywa pombe yetu ya kimpumu?" Akawajibu, "Chai, ili nikumbuke nimemwoa nani." Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na Edina kule Isongole, na chai aliinywa kweli. Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Sekela.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2009 marehemu alianza kukonda. Alikunywa maji na kiu haikukatika, na haja ndogo ikamnyima usingizi. Kisha ikaja harufu. Pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyochacha, na akitembea aliyumba. Wazee wa kanisa wakamwita.

"Danford, sisi tuna pua," alisema Mzee Josephat.

"Baba, sijaonja."

"Basi hiyo inatoka wapi?"

Akawekwa chini ya nidhamu ya kanisa, asiimbe wala asishiriki Meza ya Bwana. Nasi hapa tunajua kwamba anayefariki chini ya nidhamu hapigiwi kengele wala haimbiwi. Hilo lilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Hata Edina alimwomba, "Niambie mimi mkeo, sitakusema." Akamwuliza, "Na wewe, Mama Sekela?"

Jumatano tarehe 10 Juni alianguka kazini, akihema kama aliyekimbizwa. Wengine wakasema aachwe, pombe imtoke. Edina alipofika akasimama barabarani, akazuia pikapu iliyotoka Tunduma. Dereva, Bwana Seleman, akamwangalia mgonjwa akasema, "Mlevi hahemi hivi. Mpandisheni." Mzee Josephat naye akapanda.

Hospitalini daktari alipima damu. Mzee akauliza ni pombe gani.

"Hakuna pombe, mzee. Ni kisukari. Sukari imejaa kwenye damu, lakini mwili hauwezi kuitumia. Una njaa katikati ya chakula, kwa hiyo unachoma mafuta yake wenyewe. Mafuta hayo yanaacha asidi kwenye damu. Harufu mnayoisikia inatokana na hayo, na asidi hiyo ndiyo inayomuua."

Alitundikiwa maji na kuchomwa insulini. Ijumaa akafumbua macho.

"Baba, bado nanuka?"

Mzee akainama hadi karibu na mdomo wake. "Unanuka, mwanangu. Unanuka ugonjwa."

Mchungaji akaitwa, nidhamu ikaondolewa palepale kitandani, akapokea Meza ya Bwana. Lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Alifariki Jumapili, tarehe 14 Juni 2009.

Hatusomi haya kumsuta mtu. Sote tulinusa, sote tuliamini. Tunaomba tu, ukisikia harufu ile kwa mtu mwenye kiu isiyokwisha, mpeleke apimwe kabla hujamhukumu.

Ameacha mjane, Edina, watoto Sekela, Watson na Jenista, dada zake wawili na mjukuu mmoja.

Bwana amlaze mahali penye utulivu. Kwaya, karibuni mumwimbie.