Historia ya Idman Warfa wa Ukurasa wa Maji

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Waombolezaji wenzangu, majirani wa Bulla Iftin, na wenzake wa kazi mliosafiri kutoka Nairobi, Wajir na Mandera, mimi ni Abdihafid Warfa, kaka mkubwa wa marehemu, mfanyabiashara wa mifugo hapa Garissa, na ninasimama kwa niaba ya familia leo Ijumaa, tarehe 6 Februari 2026, siku ya tatu tangu tumzike dada yetu. Ninasoma kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, wazee watanisamehe. Kwetu maiti husomewa dua, hasomewi historia, lakini wenzake wa ofisini waliomba, naye mwenyewe aliacha agizo la mstari mmoja, kwamba msomaji awe mimi, na nisiandike nisichokijua. Agizo hilo limenitaabisha kuanzia sentensi ya kwanza.

Kwa mujibu wa kitambulisho chake, Idman Warfa Abdimalik alizaliwa Ijara tarehe 1 Januari 1982, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Warfa Abdimalik na Mama Fatumo, ambaye yuko nasi hapa. Tarehe hiyo ni uongo. Alizaliwa katika mvua za Gu, yaani masika, wiki ile baba alipouza madume mawili, nami nilikuwa mtoto wa miaka kama saba, ninakumbuka matope mlangoni. Lakini karani alitaka tarehe, fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba haijulikani, akaandika ya kwanza Januari kama alivyowaandikia wengine waliopanga foleni siku ile. Ndiyo sababu kila mwaka mpya nusu ya Garissa hupokea salamu za kuzaliwa kwenye simu, kutoka kwa kampuni zisizotujua, na marehemu alikuwa akizisoma huku amekunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Alikuwa akisema, na wenzake mtamtambua, kwamba mtambo usioweza kuandika "sijui" umejengwa ili useme uongo.

Alianza shule ya msingi Ijara mwaka 1989, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1996, akajiunga na sekondari ya wasichana hapa Garissa mwaka 1997 na kumaliza mwaka 2000, kisha akasoma stashahada ya kompyuta Nairobi kuanzia mwaka 2001 hadi 2004. Huko ndiko alikoanza ugomvi wake wa maisha, kwa sababu fomu ya kwanza aliyofunguliwa ilidai jina la ukoo, naye akaeleza kwamba sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na tukitaka tunaendelea hadi babu wa ishirini, ila jina la ukoo kama la Wazungu hatuna, na mtambo ukamkatalia kwa maandishi mekundu mara sita. Akaweka nukta mahali pa jina hilo. Mtambo ukaridhika na nukta, na hadi leo stashahada yake ina nukta baada ya jina la babu yetu, iko pale ukutani, mnaweza kwenda kuitazama.

Aliporudi alifungua saiba, duka la kukodisha kompyuta na mtandao, karibu na soko, akaiendesha kuanzia Machi 2004 hadi Disemba 2010, na tarehe 3 Januari 2011 akaajiriwa na shirika moja la maji hapa mjini. Ukame wa mwaka ule mnaukumbuka wote. Tarehe 11 Julai 2011 alianzisha ukurasa wake wa wavuti, Ukurasa wa Maji, ulioonyesha visima arobaini na kimoja vya pampu, kutoka Elwak hadi Ijara, kipi kinatoa maji na kipi kimeharibika. Ulikuwa na uzito wa kilobaiti nne. Haukuwa na picha, haukuomba nywila, haukukuuliza wewe ni nani na uko wapi, ulifunguka kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, yenye kioo kilichopasuka, hata mtandao ukiwa mdogo wa kuutafuta juu ya kichuguu. Kila siku baada ya Alfajiri aliwapigia walinzi wa pampu mmoja mmoja, kwa namba alizoandika kwa kalamu kwenye daftari la jalada jeusi, na asiyepatikana hadi adhuhuri, kisima chake kiligeuka chenyewe kusomeka "Sijui".

Aliamini kwamba wavuti unapaswa kuwa kama chapa ya ngamia, ambayo mtu wa Elwak na mtu wa Ijara huisoma sawasawa bila kununua miwani mipya kila mwaka, na aliziandikia kamati za ng'ambo zinazopanga kanuni hizo barua kumi na saba. Walimjibu moja, baada ya miezi saba, wakimshukuru kwa mchango wake. Alizichukia simu nzima zinazoambiwa zimekufa kwa sababu tu mwenye kampuni amechoka nazo, alichukia namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe na kuisha muda baada ya dakika moja wakati ujumbe wenyewe huchukua dakika tatu kufika Diff, na alikichukia zaidi kile kisanduku cha "Nakubali" chenye kurasa arobaini za Kiingereza, kinachowekwa mbele ya mchungaji asiyewahi kupewa nafasi ya kukataa.

Ndoa yake ilitokana na malalamiko. Guleid, dereva wa lori la maji, alikuja ofisini akiwa amefura, akasema ukurasa umemdanganya kwa saa mbili, na badala ya kujitetea marehemu alimwomba msamaha na kuongeza saa ya taarifa mbele ya kila kisima. Guleid anasema hajawahi kuona ofisi ikiomba msamaha, akarudi wiki iliyofuata bila malalamiko yoyote. Walioana Ijumaa tarehe 14 Septemba 2012, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Kaaha mwaka 2013, Mustafe mwaka 2016 na Anab mwaka 2019, ambao wote wana tarehe za kuzaliwa za kweli, kwa kuwa mama yao aliziandika mkononi kwa kalamu kabla hajatoka wodini.

Sasa nafika mwaka 2021. Mwezi Machi walifika mabwana wa kampuni moja ya Nairobi, wenye beji shingoni, hema jeupe, mabango na spika, kuleta programu ya simu ya kuonyesha maji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kilitembezwa kwelikweli. Kilikuwa na uzito wa megabaiti themanini na saba, kilitaka simu mpya, kilitaka kujua ulipo usiku na mchana, na kilipaka visima rangi, kijani maana yake maji yapo, nyekundu maana yake hakuna. Rangi ya tatu haikuwepo. Marehemu aliwauliza mbele ya watu, kisima kisicholeta taarifa kitakuwa rangi gani, wakamjibu kwamba kitabaki kijani hadi mtu aripoti hitilafu, kwa sababu skrini yenye mapengo inawachukiza watumiaji. Alitoka nje ya hema akatema mate, dada yangu ambaye hakuwahi kutema mate mbele ya watu.

Kilichokosekana kwao kilikuwa namba za walinzi, na namba hizo zilikuwa kwenye daftari jeusi, nalo daftari lilikuwa juu ya kabati nyumbani kwake. Mimi niliwapa. Nilikwenda kumjulia hali mtoto, nikapiga picha kurasa zote wakati yeye anasali, nikawatumia mabwana wale, nao wakanivisha fulana ya kijani na kunishikisha tableti na kuniita balozi wa kidijitali. Nina miaka hamsini na kitu, nina ndevu nyeupe, na nilitembea sokoni na fulana ile kifua mbele. Nikikumbuka najikinai.

Walinzi waliamriwa waripoti kwa programu peke yake na wasipokee simu za marehemu. Wengi wao walikuwa na kabambe, programu haikuingia, wakanyamaza, na kila aliyenyamaza kisima chake kikabaki kijani. Kwenye Ukurasa wa Maji walibaki walinzi tisa wanaojibu, na visima thelathini na viwili vikasomeka "Sijui". Shirika lilimtaka aufunge kwa sababu unawachanganya watu, akakataa, akauhamishia nyumbani. Watu walimcheka, nami nilicheka nao, tukisema kijani kinatia moyo, "sijui" inamsaidia nani.

Mwezi Agosti 2022, katika ukame ule mwingine, Mama Osob wa Diff, ambaye ameketi pale upande wa akina mama, aliona kijani kwenye simu ya mpwa wake akahamisha mifugo yake mwendo wa siku mbili hadi kwenye kisima ambacho injini yake ilikuwa imekufa siku kumi na tisa kabla. Walikufa mbuzi sabini na wanne na punda wawili. Alipofika Garissa aliulizia nyumba ya dada wa maji, akasimama mlangoni, na hakusema zaidi ya haya, "Simu ilisema maji iko." Marehemu alimshika mikono akamwomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake, na mimi niliyekuwa na kosa nilikuwa nimekaa mle ndani kwenye mkeka, ninakunywa chai yake.

Njia ya mwongo fupi. Mwaka 2023 kampuni ilikunja hema ikaondoka, na programu hadi leo ukiifungua inakuamuru upakue toleo jipya, toleo ambalo halipo popote. Hakuna aliyeomba radhi. Walinzi walirudi kwa marehemu mmoja mmoja, kwa aibu, akawapokea bila kuwauliza walikuwa wapi.

Maradhi yalianza Ramadhani ya mwaka 2024, na tarehe 21 Mei 2024 aligunduliwa Nairobi kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alipewa vidonge vilivyomchubua ngozi ya viganja hadi mistari ya vidole ikafutika, na kila alipokwenda kutibiwa mtambo wa alama za vidole ulimwambia kwamba yeye si yeye. Dawa iliyoandikwa na hospitali ndiyo iliyomfuta vidole, na hospitali hiyohiyo ikamdai vidole. Tarehe 8 Novemba 2024 tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, mgonjwa amejikunja, karani anarudia kwamba mtambo umekataa, hadi muuguzi mmoja aliyeitwa Fowsiya alipochukua kalamu na daftari, akaandika jina la Idman, la baba na la babu, akamwingiza ndani.

Aliendelea kuwapigia walinzi akiwa kitandani, hadi Jumapili tarehe 25 Januari 2026, aliposhindwa kushika simu. Jioni ile alinikabidhi daftari jeusi, akasema, "Abboowe, kaka yangu, kesho piga wewe," na nilipofungua midomo nimweleze nililolifanya akatikisa kichwa. Alijua. Alijua tangu wiki ile ya kwanza, kwa kuwa katika daftari lake kulikuwa na namba ya mlinzi aliyefariki ambayo hakuwahi kuikata, na wale mabwana walimpigia mjane wa mtu huyo wakamwomba taarifa za pampu, naye mjane akamweleza. Namba ile ilikuwa kwenye daftari lile tu, na mgeni aliyekaa karibu na kabati siku zile alikuwa mmoja. Miaka karibu mitano alinimiminia chai akijua.

Na bado sikupiga. Niliona haya, nikijiambia walinzi watanitambua, na adhuhuri ya siku iliyofuata nikatazama ukurasa wake ukigeuka, kisima baada ya kisima, ukabaki hivyo siku tisa. Aliporudisha roho kwa Mola wake, Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, hapa nyumbani, akiwa na umri wa miaka kama arobaini na minne, visima vyote arobaini na kimoja vilisomeka "Sijui".

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, muuguzi Fowsiya na kalamu yake, majirani waliopika na kuchota maji siku zote hizi, wenzake wa kazi, na walinzi wa pampu ambao hawakuweza kuziacha pampu zao waje. Wale mabwana wa kampuni walituma salamu za rambirambi kwa barua pepe, iliyoanza na maneno "Mpendwa Mteja", na sisi hatutaijibu.

Desturi yetu ni kutangaza kwamba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe au aje kwetu, nami ninatangaza. Lakini mwenye haki leo ni yeye, na aliyemkosea ni mimi, na baada yake ni wewe, Mama Osob, na nimelisema mbele ya watu kwa sababu nililitenda kwa siri. Sikuombi unisamehe leo.

Leo baada ya Alfajiri nilifungua daftari, nikapiga. Nilichukua saa tatu, yeye alichukua mbili. Walinzi thelathini na wanane wamepokea, wengine walilia kwanza ndipo wakataja pampu. Ijara maji yapo, saa moja na dakika kumi. Elwak maji yapo, foleni ni ndefu. Vingine viko kwenye ukurasa, mtavisoma. Mama Osob, nimeambiwa unarudi Diff leo baada ya swala, na mlinzi wa Diff nimempigia mara nne hajapatikana, kwa hiyo nimeandika "Sijui". Nakuomba usiondoke hadi nimpate, nitaendelea kupiga.

Idman binti Warfa, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi na akupe maji ya Peponi yasiyokauka. Pumzika, dada yangu, kesho asubuhi napiga mimi.