Usiku Unalipwa Mara Mbili

Asubuhi hiyo benchi letu la Kitale halikutulia. Wekoye alikuwa ameleta habari moto: supermarket mpya ya mtaani inamtaka apange bidhaa usiku, kwa mshahara mara mbili ya ule wa mchana. Sharti ni moja tu. Mlango unafungwa kwa nje jioni, yeye akiwa ndani, na kufunguliwa asubuhi. Walisema watampigia simu leo wapate jibu lake, na mke wake Nabwile yuko karibu kujifungua. Tulifurahi kama tumeajiriwa sote. Agneta wa kahawa alimpa kikombe cha bure, jambo ambalo mimi sijawahi kufanyiwa, na liliniuma.

— Mara mbili, bana! alisema Wekoye. Mtoto atakuja apate nepi zinamngoja!

— Lakini kwa nini mara mbili? aliuliza Makokha, tunayemwita Profesa kwa sababu aliwahi kupaka rangi chuo fulani. Ni uzito. Usiku vitu ni nzito.

— Ati nini?

— Si mahindi ukianika kwa jua inakuwa nyepesi? Sasa usiku jua iko wapi?

Kiptum wa bodaboda, aliyejipa cheo cha Meneja, aliruka juu.

— Wacha hizo! Analipwa anyamaze. Bei hupandishwa usiku. Wewe umewahi kuona sukari ikipanda bei ukiiangalia?

Tulipiga makofi. Hiyo ilituingia, hata mimi niliyekuwa bado nimenuna kwa ajili ya kile kikombe.

— Basi nitawaambia bei mapema! Wekoye alicheka.

— Nyinyi hamjui kitu, Agneta alisema. Ni panya. Panya wa supermarket anakula siagi, ako na nguvu. Mtu anafungiwa na yeye mpaka asubuhi. Hiyo ni pesa ya vita!

— Nasikia Bungoma wanalipa mara tatu, Profesa aliongeza.

— Kwa nini?

— Panya wa huko wamekaa karibu na reli. Hawalali!

Tulikuwa bado tunacheka Nabwile alipofika, polepole, mkono kiunoni. Tulimpisha akae. Wekoye alimweleza yote kwa pumzi moja, mshahara, mlango, nepi.

— Nabwile, tumeomoka! Umaskini kwisha!

Nabwile alitabasamu, na alikuwa amefurahi kweli. Kisha akauliza:

— Na uchungu ukinishika usiku, nani atakufungulia?

Meneja alianza kupangusa pikipiki iliyokuwa safi. Simu ya Wekoye ikalia mfukoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aishike.